Hofu Iliyobaki Mwilini
Kijitabu cha nyumbani kwa watu wa visiwani na pwani ya Kismayo

Kijitabu hiki kinahusu hofu ya aina moja: ile inayobaki mwilini baada ya hatari kuondoka. Hofu nyingine ina kazi yake, wala hatutaki kuiondoa. Nahodha anayekataa kutweka mwezi wa Julai, upepo wa kusi umekaza na maji yanavunjika miambani, hana ugonjwa; anaijua bahari. Mama anayempigia mtoto kelele aache chuma asichokijua kilichofukiwa mchangani ana haki. Hofu hizo ziacheni ziwalinde.

Tunayoisemea ni nyingine. Upepo unabamiza mlango na mtu mzima anajikuta amelala kifudifudi sakafuni. Injini ya chombo kisichojulikana inasikika usiku, moyo unaanza kwenda mbio, viganja vinalowa jasho, tumbo linasokota, na usingizi hauji tena mpaka adhana ya alfajiri. Mvuvi aliyewahi kupinduliwa na bahari anasimama ufukweni, wenzake wanasukuma chombo majini, na miguu yake inakataa. Mama anawafokea watoto mchana kutwa bila kujua kwa nini, na jioni anajilaumu.

Asili ya hofu hii watu wa Chula, Chovai, Koyama, Ngumi, Bur Gaabo na Kismayo wanaijua. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, visiwa viliporwa na watu wakajipakia katika vyombo kukimbilia Kenya. Wengi waliishi kambi ya Jomvu, Mombasa, hadi kambi za pwani zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakarudi kwenye nyumba zilizokuwa magofu. Al-Shabaab waliishika Kismayo tangu Agosti 2008 mpaka mwishoni mwa Septemba 2012. Julai 2019 hoteli ilivamiwa mjini na watu zaidi ya 20 wakauawa. Aliyekuwa mtoto mchanga ndani ya chombo cha 1991 leo ana watoto wake, na mama yake aliyempakata safari nzima bado anashtuka usingizini. Hatumwambii mama huyo asahau. Tunamletea mambo machache ambayo mwili wake unaweza kujifunza.

Kama kuna asiyesoma nyumbani, mmoja asome kwa sauti, wengine wajaribu papo hapo.

Mwili unafanya nini ukiogopa

Hatari inapotokea, ubongo hutoa amri kabla mtu hajapata neno la kuitaja. Homoni inayoitwa adrenalini humwagika katika damu. Moyo hupiga haraka, pumzi huwa fupi na hupanda kifuani, damu huelekea kwenye misuli ya mapaja na mikono, na tumbo huacha kusaga chakula. Yote hayo ni maandalizi ya kukimbia au kupambana, na kwa hatari ya kweli ni rehema.

Shida ni kwamba kwa mtu aliyepitia makubwa, amri ile huendelea kutolewa kwa vitu vidogo: harufu ya dizeli, fataki za harusi, mlio wa buti uchochoroni. Akili inajua hakuna kitu, lakini mwili umeshatangulia. Kwa hiyo kumwambia mtu wa hali hii "jikaze", au "mwanamume haogopi", ni kumwongezea aibu juu ya hofu. Vilevile si dalili ya upungufu wa imani. Kuna watu wacha Mungu kabisa ambao mikono yao hutetemeka kila wanaposikia mlipuko. Na anayesomewa Qur'ani akatulia, asomewe. Hakuna lolote humu linalopingana na hilo.

Lipo jambo moja linalowatisha watu kupita yote, nalo ni vizuri lijulikane. Mtu aliyeshikwa na hofu ghafla hupumua haraka mno, na kwa kufanya hivyo hutoa hewa ya kaboni dioksidi kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake ni vidole kuwashwa na kufa ganzi, midomo kuwa mizito, kizunguzungu, na kifua kubana. Mwenyewe anaamini anakata roho, na jirani wanakimbilia kusema amepagawa. Kwa kawaida hali hiyo hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Aliye karibu naye asiruhusu umati umzunguke wala asimmwagie maji. Akae naye chini, amwambie kwa sauti ya chini, "Niko hapa, itapita," na apumue taratibu mbele yake ili afuatwe.

Huwezi kuuamuru moyo upunguze mapigo, wala tumbo litulie. Pumzi unaweza. Hiyo ndiyo sababu mazoezi yote ya kijitabu hiki yanaanzia kwenye pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akijizoeza kushuka mpaka mara sita, na kuirefusha ile pumzi inayotoka, mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani kupitia moyoni hadi tumboni hupeleka habari kwamba hatari imepita, na moyo hupunguza kasi.

Yoga, na swali ambalo sheikh atauliza

Sehemu ya mazoezi ya kijitabu hiki imetoka katika yoga. Yoga ilizaliwa India zamani sana, ikiwa sehemu ya ibada za huko. Mtu wa Kismayo akiuliza kama inamfaa Mwislamu, anauliza swali la haki na linastahili jibu lililo wazi. Wenzetu walishaulizana. Mwaka 2009 baraza la maulamaa wa Indonesia lilikataza yoga yenye nyimbo na ibada za Kihindu, likairuhusu ile ya mazoezi ya viungo peke yake. Saudi Arabia iliitambua yoga kama mchezo mwaka 2017. Humu hamna wimbo, hamna dua ya dini nyingine, hamna sanamu wala jina la kutajwa. Kuna viungo kunyooshwa, pumzi kutulizwa, na akili kuletwa pale mwili ulipo. Anayetaka kuanza kwa Bismillahi na aanze. Anayeona jina lenyewe linamkera aite mazoezi ya viungo na pumzi, faida haipungui. Na kama bado moyo wake una shaka, amwendee mwanachuoni anayemwamini na amwonyeshe ukurasa huu.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2014 daktari Bessel van der Kolk na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanawake 64 waliokuwa na kiwewe sugu ambacho matibabu hayakukimaliza. Baadhi walifanya yoga kwa wiki 10, wengine walipewa mafunzo ya afya kwa muda huohuo. Mwishoni, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa wa kiwewe. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 21. Ni utafiti mdogo, na wanawake wale walikuwa na matabibu pembeni yao. Kwa hiyo hatuahidi uponyaji. Tunasema ni jambo lisilo na gharama, linalofanyika juu ya mkeka, na linalostahili kujaribiwa kwa wiki kadhaa bila kukosa.

Pumzi ya nne kwa sita

Kaa juu ya mkeka au kigoda, mgongo ukiegemea ukuta. Aliyepitia vita akae pale anapouona mlango. Macho si lazima yafungwe. Kwa wengi wetu kufumba macho ndiko kunakoleta picha tusizozitaka, basi yaache wazi na uyatulize kwenye kitu kimoja kisichotikisika, mguu wa kitanda au mtungi wa maji.

Mkono mmoja uweke kifuani, mwingine tumboni chini ya mbavu. Vuta pumzi kwa pua, polepole, ukihesabu moja mpaka nne. Mkono wa tumboni ndio uinuke, wa kifuani utulie. Kisha itoe ukihesabu mpaka sita, midomo umeibana kidogo. Usiishike katikati. Rudia kwa dakika tano. Ukihisi kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno, punguza. Akili itatoroka, itakwenda kwenye deni, kwenye mtoto aliye Mombasa, kwenye maiti uliyoiona mwaka ule. Kutoroka huko si kosa. Ukigundua, irudishe kwenye hesabu bila kujikaripia, hata ikiwa mara mia. Kule kuirudisha ndilo zoezi lenyewe.

Fanya hivi ukiwa umetulia, kila siku, kwa wakati uleule. Hapa ndipo wengi hushindwa: husubiri hofu iwapande ndipo watafute pumzi, na wakati huo mwili hausikii. Pwani yetu tayari ina nyakati tano za siku ambazo watu huosha viungo, hunyamaza na kuelekea upande mmoja. Baada ya salamu na uradi, kabla ya kuinuka mswalani, ongeza dakika hizo tano hata katika swala mbili tu. Udhu nao ushike kwa makini: sikia ubaridi wa maji kwenye kiganja, kwenye kiwiko, kwenye kisigino, badala ya kujimwagia mawazo yakiwa sokoni.

Onyo kwa wazamiaji wa kamba: mazoezi ya pumzi ni ya nchi kavu. Usivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama ukidhani utakaa chini zaidi. Kufanya hivyo hupunguza kaboni dioksidi inayomkumbusha mtu kurudi juu, na mzamiaji anaweza kuzimia chini ya maji bila kupata dalili yoyote. Na asizame mtu peke yake.

Viungo

Mavazi ni yaleyale ya nyumbani: kikoi, kanzu au dira lisilobana. Tumbo liwe halijashiba. Usilazimishe kiungo mpaka kiume. Mjamzito asilale kifudifudi, na mimba ikishakua asilale chali kwa muda mrefu. Mwenye shinikizo la damu asiinamishe kichwa chini wala asishike pumzi.

Anza kwa kusimama bila viatu, miguu ikiachana kwa upana wa nyonga. Sikia vidole, ukingo wa nje wa wayo, kisigino. Sukuma ardhi kwa miguu wakati pumzi inatoka. Inua mabega mpaka masikioni wakati wa kuvuta, yaachie yaanguke wakati wa kutoa. Mara tano zinatosha. Mtu ambaye hofu humfanya ajisikie hayupo, kichwa kinaelea, atapata msaada zaidi hapa kuliko penginepo.

Kisha piga magoti na viganja chini, mgongo ukiwa sawa. Ukivuta pumzi, tumbo lishuke na kifua kifunguke mbele; ukitoa, mgongo uinuke juu na kidevu kiingie. Nenda na pumzi yako, si na ya jirani. Mwanamke aliyeinama siku nzima kwenye jiko la kuni, au mvuvi aliyevuta jarife tangu usiku, atasikia mgongo unaachia mahali ambapo hakujua pameshikwa.

La mwisho ndilo tunalolipenda kuliko yote, maana hata bibi wa miaka mingi analiweza. Lala chali karibu na ukuta, makalio yakaribie, miguu uinyooshe juu ikiegemea ukuta, mikono kando. Kama mgongo unakataa, weka mashavu ya miguu juu ya kigoda. Kaa hivyo dakika tano hadi 10, pumzi ya nne kwa sita. Ukitaka kuinuka, geukia ubavu kwanza. Lifanywe kabla ya kulala, hasa na wale ambao usiku ndio adui yao.

Ukili, wavu na vave

Kuna anayedhani utulivu unahitaji chumba kitupu na mwalimu kutoka Nairobi. Kazi za mikono za pwani hii zinafundisha jambo hilohilo kwa anayetaka kuzitumia hivyo.

Tuseme chombo kilitarajiwa kabla ya magharibi na sasa isha imeshaingia. Kwanza lifanyike la kufanywa: apigiwe simu aliye Kismayo, waulizwe manahodha waliorudi walikiona wapi mara ya mwisho. Baada ya hapo hakuna lililobaki ila kungoja, na kungoja kunaua. Mama avute ukili wake. Aloweshe miyaa, asikie inavyolainika kati ya dole gumba na cha shahada. Kidole kimoja kishike msuko, kingine kipitishe mwaa juu, kisha chini, kisha ukunjwe ukingoni. Kila akivuta mwaa, pumzi iingie. Kila akiubana, itoke. Wazo la bahari litakuja, na lije. Aliitikie, kisha macho yarudi kwenye ukingo unaotaka kukunjwa. Hofu haitakwisha, lakini itakuwa imekaa kando yake badala ya kumkalia kifuani, na habari itakapofika, njema au mbaya, itamkuta akiwa na nguvu za kusimama.

Mvuvi naye ana kutia viraka nyavu, tundu kwa tundu. Na tunawaomba wazee wasiache vave, nyimbo zetu za shambani, ife. Vijana wakiimba vave pamoja shambani, kila mstari mrefu huwalazimisha kutoa pumzi ndefu kwa wakati mmoja, na mwili unapata ule ule utulivu tunaoutafuta kwa kuhesabu. Kuimba pamoja pia humtoa mtu katika upweke, ambao ndio chakula cha hofu.

Mawazo yanayonasa

Kambi ya Rhino iko kaskazini magharibi mwa Uganda, na wanaoishi humo wengi ni wakimbizi wa Sudani Kusini. Huko Shirika la Afya Duniani, WHO, lilijaribu mpango unaofaa mahali pasipo na madaktari wa akili. Wanawake 694 wa vijiji 14 walishiriki utafiti. Waliopewa mpango walikaa kwa makundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa sauti, vikao vitano, wakiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakuupata mpango huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na mwaka huohuo WHO wakatoa kitabu chake cha picha, bure. Tunautaja kwa sababu wanawake wale walikimbia vita kama sisi, na waliowaongoza hawakuwa wataalamu wa akili.

Mafunzo yale yanasema wazo la hofu hunasa kama ndoano. Samaki anayevutana nayo huichimbia ndani zaidi. Kwa hiyo wazo likikunasa usishindane nalo. Hatua ya kwanza, tambua kwamba umenaswa: mume anasema nawe na hujasikia neno. Ya pili, litaje kimoyomoyo: "Hili ni wazo kwamba watarudi usiku." Ya tatu, rudi kwenye kilicho mbele yako, uso wa mtoto, ladha ya chai, mchanga chini ya nyayo. Wazo linaweza kubaki palepale nawe ukaendelea na kazi yako.

Ila milio ya bunduki ikisikika kweli, acha mazoezi. Lala chini, nyuma ya ukuta imara, mbali na dirisha, na watoto karibu nawe. Pumzi itakuja baadaye, mkishakuwa salama.

Watoto

Mtoto haelezi hofu kwa maneno. Anakojoa kitandani baada ya kuacha miaka miwili, anamng'ang'ania mama, anaacha kucheza, au anakuwa mkorofi darasani. Asichapwe kwa hayo. Aambiwe ukweli kwa kipimo chake: "Ulikuwa mlio mkubwa, sote tulishtuka, sasa umekwisha." Usimwambie hakikutokea kitu wakati alisikia. Mchezo mmoja unamfundisha pumzi: mpe unyoya wa kuku, aupulize uende kiganjani polepole kadiri awezavyo, bila kuuangusha. Kisha wewe, kisha yeye. Watoto hutuliza miili yao kwa kuazima utulivu wa aliyewabeba, ndiyo maana mzazi hufanya zoezi lake kwanza.

Yanayoongeza hofu

Miraa inamkesheza mtu na kuharakisha moyo. Mwenye hofu akiitafuna jioni, usiku ataulipia. Chai nzito na kahawa baada ya alasiri hufanya hivyohivyo kwa kiasi chake. Vidonge vya usingizi vya dukani visinunuliwe bila mhudumu wa afya, kwani vingine humfunga mtu asiweze kuviacha. Na picha za mauaji zinazozunguka kwenye simu zisifunguliwe usiku, wala zisipelekewe jirani.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au tayani, hasa kwa mtu wa makamo, yasichukuliwe kuwa hofu. Apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo mtu akizungumzia kujiua, akisikia sauti wasizozisikia wengine, akikataa chakula kwa siku kadhaa, au mama aliyejifungua karibuni akishindwa kumtazama mtoto wake. Asiachwe peke yake hata kwa usiku mmoja, na kamba, visu na dawa viondolewe alipo.

Asifungwe minyororo. Tunajua familia hufanya hivyo kwa kukata tamaa na si kwa ukatili, lakini mnyororo huongeza ugonjwa na kuacha vidonda. Mogadishu kwenyewe WHO waliendesha mpango wa kuondoa minyororo, kwanza hospitalini, kisha majumbani, kisha aibu inayowafunga wagonjwa mitaani. Wagonjwa waliofunguliwa walitibiwa.

Na kama hakuna dharura, lakini usingizi umekosekana zaidi ya wiki mbili, au mtu ameshindwa kwenda baharini, sokoni au kuwalea wanawe, aanzie kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka visiwani apange safari pamoja na chombo kinachopeleka samaki Kismayo. Aende na mtu anayemwamini. Amwambie muuguzi mambo manne: hali ilianza lini, usiku analala saa ngapi, dawa gani ameshatumia pamoja na zile za mitishamba, na ni nini hasa ameshindwa kufanya. Hana haja ya kusimulia kilichompata mwaka ule kama hataki. Akisema "nilipitia mambo mazito" inatosha kuanzia.

Kwa wanaotaka kufanya mazoezi haya pamoja, watu sita au saba wanatosha, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, siku moja kwa wiki baada ya alasiri, nyumbani kwa mwenye ua. Mmoja ahesabu kwa sauti, wengine wafuate. Asiyetaka kusema asilazimishwe, na yatakayosemwa yasitoke nje ya ua ule.